Kidonda Kimepimwa, Mtu Bado

Ndugu zangu, kama mmewahi kupita kijijini kwetu Ruanda wakati wa kuanika kahawa, mnaujua uzuri wake. Vichanja vimejaa, jua la asubuhi bado halijawa kali, na harufu ya kahawa inakufuata hadi kanisani. Nyuma ya vichanja vya Benno ilisimama nyumba mpya ya bati jekundu, na barazani aliketi mama mkwe wake, Bibi Mariana, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda. Binti yake Edina alikuwa amemtoa kwao Ngumbo, kando ya ziwa, ili amtunze. Majirani walimsifu Edina, naye sifa hizo alizipokea zote bila kubakiza.

Tatizo lilikuwa ule mguu. Bibi alikuwa na kisukari, na kidonda cha unyayoni kilichokuwa kinafunga vizuri kilianza kufunguka upya msimu wa kahawa ulipoingia. Asubuhi moja aliinuka kigodani, kizunguzungu kikamshika, akaanguka palepale. Tabibu wa zahanati akamwambia Benno bila kuficha kwamba kidonda kisipobadilika, bibi atapelekwa Songea, na huko huenda mguu ukakatwa.

Wiki hiyohiyo Loveth, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho, alikuwa na mtihani wa vitendo pale zahanati. Msimamizi wake alikuwa Mwalimu Lusekelo, mtu wa Tukuyu, ambaye wanafunzi walisema hutoa alama kama dawa ya macho, tone kwa tone. Loveth hakuogopa. Mikono yake ilikuwa myepesi, na alijua hivyo. Alisafisha kidonda cha Bibi Mariana, bibi hakukunja hata uso.

"Unakula vizuri, bibi?"

"Vizuri, mjukuu wangu."

"Na maji unakunywa?"

"Ninakunywa."

Loveth akafunga bandeji, akavua glovu, akaandika majibu ya bibi, akamgeukia mwalimu akisubiri sifa.

"Mikono yako ni mizuri," Lusekelo alisema baada ya bibi kutoka. "Sasa mtathmini mgonjwa."

"Nimeshamtathmini, Mwalimu."

"Umetathmini mguu. Kidonda kimepimwa, mtu bado. Midomo imemkauka vile, nawe unaandika anakunywa maji?"

"Ndivyo alivyosema mwenyewe."

"Hata mimi ukiniuliza habari za asubuhi, nikiwa nimefiwa nitakujibu nzuri. Nenda kwao kesho. Ukijua kwa nini kidonda hakifungi, njoo uniambie. Usipojua, mtihani utaurudia."

Msomaji, usidhani Loveth alishukuru. Alinuna jioni nzima, na kesho yake alipanda bodaboda bado amenuna.

Alifika wakati wa chakula cha mchana. Edina alikuwa amepika ugali na usipa, dagaa wa ziwani anaowapenda mama yake. Benno alikaa sebuleni na redio yake. Msimu huu hakwenda mbali kwa kuhofia wezi wa kahawa. Sahani ya bibi ilipelekwa chumbani kwake, ikarudi karibu kama ilivyokwenda.

"Wazee hula kidogo," Edina alisema, akawamwagia kuku.

Loveth akaomba kwenda chooni. Edina alimwongoza kwa furaha, maana choo chao kilikuwa cha ndani, cha vigae, na mtaa mzima ulikuwa umekisifia. Mlango wake ulifungukia sebuleni, jirani kabisa na kiti cha Benno. Loveth akapita mbele ya mwenye nyumba, akajifungia, akaisikia redio neno kwa neno. Akatambua kwamba na wao wanamsikia yeye. Alitoka macho yako chini, akaenda moja kwa moja chumbani kwa bibi, akaketi mkekani.

"Bibi, leo nimeona aibu. Nimepita mbele ya baba mwenye nyumba kwenda chooni."

Bibi Mariana akacheka hadi mabega yakatikisika. "Wewe mgeni tu umeona aibu. Mimi je, ambaye yule ni mkwe wangu?"

Hapo ndipo yote yalipotoka. Alivyolelewa bibi, mama mkwe hapiti mbele ya mkwe wake kwenda haja, sembuse kusikika. Benno alipokuwa akishinda shambani, bibi alikula, akanywa, akajisaidia kwa raha zake. Kahawa iliporudi nyumbani, Benno naye alirudi nayo. Choo cha zamani cha nje kilikuwa kimefukiwa. Basi bibi akaacha kunywa maji mchana, akapunguza chakula hadi kikawa cha kuonja tu, huku vidonge vya kisukari anavimeza vilevile; ndiyo maana kizunguzungu kilimshika, na mwili ukakosa nguvu ya kufunga kidonda.

"Kwa nini hukumwambia dada Edina?"

"Angemwambia mumewe. Kijana yule ananipeleka zahanati, amenipa godoro zuri. Nianze kumlalamikia choo?"

Tazameni, ndugu zangu. Nyumba nzima imejaa heshima, na mguu unaoza.

Loveth alimkuta Edina jikoni, akamweleza polepole. Kwanza Edina alikasirika, akasema mama anamwaibisha mbele ya watu. Kisha akaketi. "Sahani ilikuwa inarudi kila siku," alisema. "Nilikuwa ninaiona. Nilipenda kusifiwa kuliko kuuliza."

Akaenda mwenyewe kumwambia mumewe. Benno alizima redio, akachukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba, na muda si muda akamwita jirani yake Bernadi aje na sururu. Wakajenga choo cha tofali, mlango umeelekea mibuni. Mpaka kilipokamilika, Benno alishinda kwenye kibanda kando ya vichanja, hata chakula akapelekewa hukohuko. Edina naye akaanza kula chumbani na mama yake, sahani moja.

Loveth alimsimulia Lusekelo habari ya choo, ya mkwe na ya kahawa. Mwalimu alimsikiliza bila kumkatiza.

"Nimefaulu, Mwalimu?"

"Umejua. Kama umesaidia, hatujui bado. Tutakwenda kuangalia."

Loveth hakununa tena. Aliendelea kukisafisha kidonda, na sasa kila alipokifungua alimtazama kwanza mwenye kidonda usoni. Nyama ikawa nyekundu na safi, kingo zikaanza kukaribiana, na tabibu akaacha kuitaja Songea.

Siku walipokwenda pamoja, Lusekelo aliamkia, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza, "Bibi, maji unakunywa?"

Bibi Mariana alichukua kikombe akakimaliza, akamwomba Edina kingine, akakimaliza nacho. Wakazungumza habari za ziwa na bei ya usipa. Baadaye bibi akashika mkongojo, akainuka bila kushikwa, akazunguka nyuma ya nyumba. Benno, pale kwenye vichanja, akawapa mgongo akaendelea kugeuza kahawa. Lusekelo naye akatazama milimani.

"Sasa andika," alimwambia Loveth.

"Niandike nini, Mwalimu?"

"Kwamba anakunywa maji."

FUNZO

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini wapo wanaoficha kwa adabu, na hao hawatasema kwa kuulizwa swali moja juu juu. Enyi wenye wazee nyumbani, msihesabu mlichowapa. Tazameni sahani inarudije. Nanyi wauguzi na walimu wao, mgonjwa ana mwili, ana kwao, ana aibu yake, na vyote hivyo hupimwa. Ukishapima, rudi tena uone kama ulichofanya kimemfaa. Loveth alirudi, na Bibi Mariana anatembea kwa miguu yake miwili.