Bibi Fundi na Sindano za Aina Mbili

"Sindano na mimi ni ndugu," Bibi Fundi alipenda kujisifu. "Miaka arobaini tunalala chumba kimoja!"

Mteja akimuuliza, "Hata ile ya hospitali?" alikohoa kidogo.

"Ile ni ndugu wa kambo. Hatusalimiani."

Bibi Fundi alishona nguo barazani kwake. Kifuani, kwenye gauni, hakukosa sindano yenye uzi, tayari kwa kazi. Mchana alimlea mjukuu wake wa kike wa miaka sita, maana mama mtu alishinda kiwandani. Mtoto huyo alipewa jina la Kiroboto. Hakuwa mbaya, ila kutulia hakukuwa katika mipango yake.

Kumlisha ilikuwa vita, na Bibi alikuwa na silaha moja tu.

"Maliza chakula, mke mwenza! La sivyo namwita daktari akuchome sindano!"

Kiroboto alimeza haraka haraka. Bibi alicheka peke yake. Kazi kwisha.

Siku moja adhuhuri Kiroboto aliruka kutoka barazani. Akatua kwenye bati kuukuu lililoegemezwa ukutani. Mguu ukachanika chini ya goti. Bibi alilivuta bati kwa mkono mtupu. Akakikandamiza kidonda kwa kitambaa kipya cha mteja. Mteja angeelezwa baadaye. Kisha akambeba mtoto mbio mpaka hospitali. Kiatu chake kimoja kilibaki njiani.

Chumba cha dharura kilikuwa na benchi refu, pazia la kijani na harufu kali ya dawa. Muuguzi, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliisikiliza habari ya bati, akakitazama kidonda.

"Damu imesimama, vizuri. Tutashona nyuzi nne. Halafu sindano ya kumkinga na pepopunda."

Kusikia neno sindano, Kiroboto aliingia chini ya benchi.

"Nimemaliza!" alilia. "Nimekula chote! Bibi, mwambie nimekula chote!"

Bibi akajifanya anatafuta kiatu chake.

"Nani alimwambia sindano ni adhabu?" muuguzi aliuliza.

Bibi alitaka kuwasingizia watoto wa jirani. Macho ya muuguzi yakamkatalia.

"Mimi," akasema.

Akainama kwenye benchi. "Njoo, mke mwenza. Haiumi hata kidogo!"

"Usimwambie hivyo, Bibi. Ikiuma je? Hatakuamini tena, wala mimi hataniamini."

"Basi waite wanaume wanne. Tumlaze, tumbane, tumalize!"

"Kwani ng'ombe huyo?" muuguzi alisema. "Ukimlaza chali na kumkandamiza, hofu inazidi. Hofu ikizidi, na maumivu yanazidi. Safari ijayo atapiga kelele tangu getini."

Muuguzi akachuchumaa mpaka akaonana na mtoto uso kwa uso.

"Hujafanya kosa lolote, mwanangu. Mguu umechanika, nataka kuufunga upone. Kwanza nitapaka dawa ya ganzi. Ngozi italala usingizi. Nikishona utasikia kuvutwa vutwa tu. Ukisikia maumivu, niambie, nitasimama. Halafu ipo sindano ya begani. Hiyo itauma kidogo, kisha itaisha. Unataka bega la kulia au la kushoto?"



"La kushoto," sauti ikatoka chini ya benchi. "La kulia naandikia."

Bibi akapiga magoti. "Bibi yako alikosea. Sindano si ya watoto watukutu. Sitakutisha nayo tena."

"Hata nisipomaliza chakula?"

"Hata usipomaliza."

Kiroboto akatoka.

Muuguzi alipaka dawa, akafunika kidonda. Wakasubiri karibu nusu saa.

"Sikujua kuna ganzi ya kupaka," Bibi alisema.

"Si kila hospitali inayo. Lakini uliza. Kuuliza si ukorofi. Hata kama haipo, kumpakata, kumwambia ukweli na kumpa la kufanya vinasaidia sana. Na mtoto anayenyonya, mama amnyonyeshe wakati anachomwa."

Ganzi ikashika. Muuguzi alikigusa kidonda kwa ncha ya kifaa. "Unasikia maumivu?"

"Nasikia unanigusa tu."

"Haya Bibi, kaa kitini. Mpakate, umkumbatie. Ngoja kwanza! Unamkumbatia na hiyo kifuani?"

Wote wakatazama. Sindano ya Bibi iling'aa kwenye gauni, uzi mwekundu ukining'inia. Kiroboto akaangua kicheko. Bibi akaichomoa sindano, akautoa uzi, akaichomeka sindano kwenye mkoba wake. Uzi muuguzi akampa mtoto.

"Ushike mbele ya mdomo. Upulize polepole, upepee. Usiuache ulale."

Kiroboto akapuliza. Uzi ukacheza. Muuguzi akashona wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mtoto alikuwa na shughuli zake.

"Sasa ya begani," muuguzi akamwambia. "Vuta pumzi. Puliza!"

"Fuuuu... aah!" Chozi moja likadondoka. "Imeuma!"

"Imeuma kweli," Bibi akasema, akimbusu utosini. "Na umekaa imara."

"Imeisha?"

"Imeisha, mwanangu," muuguzi akasema.

Kiroboto akajifuta chozi, akaendelea kupuliza uzi wake. Hakuna aliyembana, hakuna aliyepiga kelele.

Muuguzi aligeuka. "Na wewe Bibi, mkono una nini?"

Bibi akakificha kiganja kwenye gauni. "Damu ya mtoto hiyo."

"Mbona inatoka bado? Bati lile lile, siyo? Kinga ya pepopunda ulichomwa lini?"

"Mwaka jana! Hapa hapa." Akagusa bega la kulia.

Muuguzi akamvuta mkono, akausafisha mkato. Akachukua kalamu. "Niandike bega gani vile?"

"Hili," Bibi akajibu bila kusita, akigusa la kushoto.

Kiroboto akateremka kwenye mapaja ya bibi yake, akichechemea. Akamwekea uzi mwekundu mkononi.

"Bibi, kwanza ulishika lile jingine," akasema kwa upole. "Haya, tulia. Itauma kidogo, kisha itaisha. Unataka la kulia au la kushoto?"