Jiwe Lisilorudisha Sauti

Miamba yote ya milima ile ya Baraka, mji wa kando ya ziwa, inarudisha sauti. Ukipiga kelele utajibiwa, na ukitukana utatukanwa pia. Isipokuwa mmoja. Jiwe Bubu, kubwa kuliko kanisa, limesimama juu ya njia ya kwenda Fizi, na hata ukilipigia ngoma mpaka ngozi ipasuke, halirudishi kitu. Wenyeji walilipita kimya na mihogo yao kichwani. Mama aliyetaka kumwita mwanawe alingoja kwanza walivuke.

Mwaka wa 1954 Placide, mjomba wa mama yetu, alikuwa na diplôme na njaa. Diplôme ilitundikwa ukutani, njaa ilikaa naye mezani. Asubuhi alivaa shati lake moja jeupe akaenda bureau kuomba kazi, akaambiwa *revenez demain*, rudi kesho. Kesho yake, hivyo hivyo. Bazungu waliomfundisha kuwa mtu wa ofisi hawakuwahi kusema ofisi yenyewe iko wapi. Aliyemlisha mwenye diplôme huyo alikuwa mdogo wake Émilienne, msichana mwenye mwanya mbele, aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Bamama wenzake walisema sauti yake inavuka ziwa mpaka Ubwari bila mtumbwi.

Sasa, kule Baraka mwito wa kwanza unaachwa upite. Ukiitwa mara moja, nyamaza. Ukiitwa tena, ndipo unaitika, "Abe." Wakatoliki walifanya hivyo, Waislamu walifanya hivyo, hakuna aliyeuliza sababu. Placide aliuona ushamba mtupu. Shuleni kwa Mapadri, jina lilisomwa mara moja na mtoto akaruka kama chura: *Présent!* Yaani, nipo. Na kwa kuwa hakuwa na ofisi ya kuamuru, aliamuru nyumbani.

"Émilienne."

Émilienne akaendelea kupepeta unga.

"Mi nasemesha mutu ao mutungi?"

"Nangoja ya pili, yaya," akamjibu kaka yake.

"Ya pili ni ya bashenzi. Ukisikia jina yako mara moja, unasema: *Présente*."

Mama Kulthumu, mjane wa Kiislamu wa nyumba ya pili, alicheka akiwa ng'ambo ya ua. "We mwenye diplôme, umekosa kazi sasa unaingiza dada yako ku jeshi?"

Lakini Émilienne alimhurumia kaka yake. Alijifunza. Haukupita muda mrefu, jina likitoka tu, jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Kisha stima zikaanza kuleta wageni, bazungu wenye miavuli na vyombo vya picha, wakitaka kuona *curiosités*. Agent wa Serikali akatangaza: atakayeonyesha kitu cha ajabu atapewa kazi ya kuwatembeza, pamoja na kofia. Baraka nzima ikakuna kichwa. Mzee mwenye vidole sita alikataa kutazamwa. Mamba wa mto Mutambala alikuwa ameshahama. Placide akavaa shati lake jeupe, akasema: mi niko na jiwe.

Walipanda saa sita ya mchana, jua likichoma. Bibi mmoja aliita, "Ohé!" Hakuna kitu. Bwana mmoja akapiga filimbi. Hakuna kitu. Placide akatabasamu kama fundi.

Agent hakutabasamu. "Placide, *mon vieux*. Jiwe yenye haifanyi kitu, mi niko nayo mingi nyuma ya bureau."

Wageni wakacheka. Bibi akafungua mwavuli wake, akageuka kushuka. Placide akaona ile kofia inateremka nao mlimani.

"*Attendez*, ngoja, Monsieur. Inameza hata jina ya mutu."

Akavuta pumzi. Akaita kwa hasira yote ya zile *revenez demain*, mishipa ya shingo imesimama: "Émilienne!"

Jiwe likameza. Lakini safari hii masikio ya wote yaliziba, kama ya mtu aliyezama. Anatole, mpagazi kutoka Lubondja, akatua sanduku la wageni chini. Akashuka mlima. Hakulirudia.

"*Revenez demain*," Agent akasema.

Alasiri Placide alikaa nyumbani, kiazi mdomoni, hasira tumboni. Hakumwambia Émilienne jambo. Dada yake alikuwa amempa mgongo, anasafisha ndagala kwenye beseni.

Nje, nyuma ya ukuta, mtu akaita.

"Émilienne!"

Sauti ilikuwa ya Placide. Ile ile. Hasira ile ile. Na Placide alikuwa amekaa, kiazi kiko mdomoni.

Aliuona mgongo wa dada yake ukinyooka. Akainua mkono kumzuia. Kiazi kikamkaba.

"*Présente!*" Émilienne akasema.

Akageuka. Akamtazama kaka yake, akautazama mlango. Akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Hata pumzi haikusikika. Alilia, machozi yakashuka, na chumba kikabaki kimya kama vile hakuna mtu anayelia.

Mama Kulthumu alikuja, akamshika Placide sikio, akamnong'oneza.

"Uliita jina yake kule?"

"Ndiyo, mama."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Ile jiwe haimezake jina, baba. Inapeleka kwa mwenyewe, na akiitika inabeba sauti yake. Ndiyo maana tunangoja ya pili. Ile haijue kuita mara mbili."

Kulipopambazuka Placide alikuwa mbele ya jiwe, shati limechanika kwa miiba. "Rudisha," akasema.

"*Présente!*" jiwe likajibu.

Sauti ya sokoni. Ile ya kuvuka mpaka Ubwari. Akaomba, akatukana, akapiga magoti akasali kwa Kilatini cha shule. Kila neno, jibu lilikuwa moja. Nyuma yake mtu akapiga makofi. Ni Agent, na wageni wawili waliotaka picha ya mwisho kabla ya stima.

"*Formidable*," Agent akasema. "Maajabu! Jana ulinificha."

Akapata kazi. Na aliichukua, kwa sababu ndagala haziuzwi na mtu bubu, na njaa ilikuwa bado mezani. Wakasimamisha kibao cheupe: CURIOSITÉ. Wageni waliita majina ya wake zao, waliita mbwa zao. *Présente. Présente.* Walicheka mpaka wakashika mbavu, na Placide alisimama pembeni na kofia, akiangalia viatu vyake.

Nyumbani, kila siku ya stima, Mama Kulthumu alimwona Émilienne akiacha kutwanga sombe, yale majani ya mihogo. Midomo ilifunguka, mwanya ukaonekana, midomo ikafungwa. Ikafunguka, ikafungwa. Kaka yake akirudi, Émilienne hakumtazama tena.

Mwaka wa 1959 homa ikamchukua Émilienne. Walimzika mchana, watu wengi, bamama wa soko wote. Padri akafungua kitabu chake, akasoma: "Émilienne..."

"*Présente!*"

Kutoka mlimani. Mbali, lakini wazi. Padri akafunga kitabu. Hakuna aliyesogea.

Kisha ile sauti ikaja tena. Safari hii haikuwa inajibu. Ilikuwa inaita.

"Placide!"

Mara moja.

Placide alikuwa ameshika udongo wa kutupia kaburini. Shule nzima ikampanda kooni. Midomo ikaanza kufunguka, ulimi umeshainuka. Akajijaza udongo mdomoni. Wote. Mama Kulthumu akamrukia, akambana taya kwa mikono miwili.

"Ngoja ya pili," akanong'ona. "Ngoja, mwanangu."

Walingoja. Kivuli cha msalaba kikahama kikawafikia miguuni. Ya pili haikuja.

Tangu siku ile jiwe ni bubu tena. Stima ziliacha kuleta wageni, kibao kikaliwa na mchwa.

Lakini bamama waliokuwa pale wanaeleza jambo moja, na hawapendi kulieleza. Placide alipoutema ule udongo, ulitoka bonge moja, umeshikana kama unga wa ugali. Upande wa ndani ulikuwa na alama za meno yake.

Upande wa nje pia ulikuwa na alama za meno. Madogo. Na katikati, mbele, pengo la mwanya.