Sauti ya Baba Uwanjani

Gervasi wa Bukiriro alikuwa mkulima hodari wa migomba, lakini Jumamosi mchana hungemkuta shambani. Siku hiyo binti yake Irine, wa miaka kumi na minne, alikuwa akicheza mpira wa pete. Gervasi alikuwa akisimama kando ya uwanja akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Aliamini anamtia moyo mtoto. Kumbe wapi!

Muhula ule Irine aliteguka mguu mara mbili, kifundo kilekile. Gervasi akashikilia kwamba kuna mtu mwenye kijicho, akataka kumpeleka binti yake kwa mganga. Zilibaki wiki sita kabla ya mechi na wapinzani wao, timu ya Ntobeye. Mkewe, Melania, hakutaka mabishano. Alimshika mtoto mkono wakaenda zahanati, Gervasi akawafuata akinung'unika.

Nesi Agripina alikibonyeza kifundo polepole. Kisha akamuuliza Irine hujisikiaje kabla ya mechi. Irine alimtazama baba yake, akainama.

"Sema tu, mwanangu," nesi akamwambia.

"Usiku silali. Baba anasema nikikosa goli nitamtia aibu. Nikiingia uwanjani nasikia sauti yake tu. Wenzangu siwaoni vizuri."

 Roho ilimuuma Gervasi kwelikweli.

Nesi hakumkaripia. "Baba Irine, si kila jeraha linatokana na mawazo. Lakini mtoto akiwa na hofu, misuli yake hukakamaa. Hamwoni anayemjia ubavuni. Asipolala, mwili huchelewa kujikinga. Hapo kuumia ni rahisi."

Akawaeleza kwamba mguu upone kwanza, ndipo Irine arudie mazoezi taratibu. Akiwa na wasiwasi, aseme mapema, na nyumbani wamsikilize.

Kuacha mazoea si lelemama. Mara mbili Gervasi alianza maneno ya Ntobeye wakati wa chakula, na mara mbili Melania akamkanyaga mguu chini ya meza.

Siku ya mechi Irine alipasha misuli moto pamoja na wenzake. Gervasi akamwita pembeni.

"Mwanangu, nilikosea. Cheza ufurahi. Mkifungwa, wewe ni binti yangu vilevile."

Irine akashusha pumzi ndefu, akaingia uwanjani.

Walifungwa kwa goli moja. Gervasi aliuma midomo mechi nzima, jasho likimtiririka, maskini. Njiani Irine akamuuliza kama amekasirika.

"Kidogo," Gervasi akakiri.

Irine akacheka, akamtangulia mbio kupanda kilima, miguu yake yote miwili mizima.