Mshitaki Ukutani

Rangi yote ilikauka, isipokuwa mdomo.

Fundi rangi alimchora Ibilisi kwenye ukuta wa kanisa, nyuma ya viti vya kwaya. Siku zikapita, pembe zikawa kavu, mkia mkavu, ila ukigusa mdomo kidole kinatoka chekundu. Akalaumu kopo.

Katekista, mzee mpole anayependa vitabu, alimcheka. Akamweleza kwamba katika maandiko ya kale ya Wayahudi huyu hakuwa na pembe wala ufalme. Alikuwa mshitaki tu, anasimama mbele za Mungu na kuwasema watu, kama alivyomsema Ayubu, na bila ruhusa hakugusa kitu. Baadaye Wayahudi wakateswa na wafalme wageni, ikawawia vigumu kusema mabaya yote yale yametoka kwa Mungu, ndipo zikaenea habari za malaika walioasi. Wakristo wakaja wakamuunganisha na nyoka wa bustanini, wakamwita mkuu wa ulimwengu huu.

"Na pembe?" fundi akauliza.

"Hizo mmempa nyie mafundi." Katekista akaacha kucheka. "Mimi namwogopa zaidi yule wa kwanza. Hana moto. Ana maneno tu."

Fundi akafuta pembe na mkia, akamchora upya kama mtu wa kawaida, mdomo wazi. Jioni hiyo nyumba yake ikanuka rangi mbichi.

Yeye na mkewe hawakuwa wamemaliza hata mwezi tangu wamzike binti yao, Tunu. Ilikuwa homa. Mama yake alimuuguza peke yake, fundi akiwa kazini mji mwingine, mpaka usingizi ukamwiba. Alipozinduka mtoto alishapoa. Fundi hakumlaumu mkewe kwa neno hata moja, na kanisani tulimsifu. Mungu atusamehe, tunasifu upesi.

Siku moja mkewe, akikunja vigauni vya mtoto, alimwambia kwa sauti ya chini, "Baba Tunu, ukitaka kunisema, nitazame usoni. Usisimame nyuma ya mlango."

Fundi akaapa kwamba mchana kutwa alikuwa kanisani.

"Ni sauti yako," mkewe akasema.

Kesho yake fundi hakutoka. Wakakaa kitandani wameshikana mikono, jua bado liko juu, na harufu ya rangi ikaingia kwanza, kisha mwanya wa chini ya mlango ukawa mweusi kama kuna mtu amesimama nje, kisha ile sauti, ya fundi kabisa, hata kile kikohozi chake cha kabla ya kusema jambo zito, ikasema taratibu, bila hasira, ulilala, mama Tunu, mtoto aliita na wewe ulilala, na fundi, midomo ameifumba, akahisi ulimi wake mwenyewe unacheza ndani ya kinywa.

Katekista akaja, akasali, akasoma zaburi chumba kwa chumba. Kanisani ukuta ukapakwa chokaa. Harufu ikaisha, sauti ikakoma, majirani wakashukuru.

Mkewe akapika, wakala.

"Lile la mlangoni limeondoka," mkewe akasema. "Sasa niambie wewe. Unaona ni mimi niliyemuua?"

"Hapana, mke wangu."

Alisema hivyo, lakini alivuta pumzi kwanza, na mkewe akaisikia ile pumzi. Akaondoa vyombo, akavisuuza, akamshukuru kwa adabu, kama mpangaji anavyomshukuru mwenye nyumba, akaingia chumbani kufungasha.