Pingamizi la Swali la Sitini na Mbili

Vasudha Bajpai alikuwa ameshika upande mmoja wa kitabu, Girish Nautiyal upande wa pili, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

Kilikuwa kijitabu cha mitihani iliyopita ya mawasiliano ya umma na uandishi wa habari, miaka kumi ndani ya jalada moja, na kwenye kile kiduka cha fotokopi pale Ber Sarai, mtaa wa watahiniwa, kilikuwa kimebaki hicho tu. Foleni imefika barabarani, mashine tatu zinaunguruma, wino unanuka, na kila aliyesimama kwenye foleni anataka kuwa mhadhiri. Delhi ina watu wa namna hiyo wengi kuliko viti vya kuwakalisha.

“Kaka, mimi ndiye niliyeingia kwanza,” Vasudha akasema.

“Wewe uliingia kwanza, lakini mkono wangu ulifika kwanza.”

“Mkono wenyewe una pete tatu za mawe! Mtu anayetegemea mnajimu ana haja gani na kitabu?”

Girish akacheka, vishimo vikamtoka mashavuni. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, safi mno kwa mtahiniwa. “Mama ndiye aliyenivisha. Hii ya njano ni ya masomo. Hii nyekundu ya kupunguza hasira.”

“Na ya tatu?”

“Ya kupata mke.”

“Mwambie mama akadai chake. Hazifanyi kazi.”

“Ya hasira inafanya. Ungekuwa umeshasukumwa.”

Watu wakaangua kicheko. Vasudha akajitahidi asicheke, akashindwa. Alikuwa amevaa shalwari ya buluu ya pamba na mtandio wa rangi ya haradali, nywele kazifunga kwa kalamu, na alipocheka kalamu ikachomoka, nywele zikamwagika mabegani. Girish akasahau kitabu.

“Nyie wawili!” mwenye duka akafoka. “Chukueni kimoja mkasome pamoja, mnanizibia mlango!”

Basi wakakichukua pamoja. Hapo ndipo shida yote ilipoanzia, na mimi nasema wangegombana tu mpaka jioni ingekuwa heri.

Tuelewane kuhusu Vasudha. Mtihani huu wa taifa alikuwa ameshaufanya mara tatu, na hii ilikuwa ya nne na ya mwisho. Si kwamba serikali ilimkataza, la. Mwenye kukataza alikuwa baba yake, karani mstaafu wa reli kule Kanpur, mzee mpole anayemkatia mwanawe embe vipande na kumwekea bakulini. Walikubaliana kwa maneno machache stesheni. “Nakupa miaka minne. Ukipata ufadhili wa utafiti, nenda Hyderabad kasome uzamivu wako, habari za ndoa sitakutajia. Ukikosa, unarudi nyumbani tunakutafutia mume. Sawa, mama?” Akajibu sawa. Miaka minne alikuwa anaamka na hilo neno.

Girish alitoka Dehradun, na hilo lilikuwa jaribio lake la kwanza. Hakuna aliyemwekea sharti lolote.

Walikodi viti jirani kwenye maktaba ya kulipia, ghorofa ya pili, feni moja na vichwa arobaini. Rukhsar, aliyeishi chumba kimoja na Vasudha, alikaa katikati yao kwa makusudi.

“Kelele ni nini, Profesa?” Girish anauliza kwa kunong’ona. Ndivyo walivyoitana.

“Ni chochote kinachozuia ujumbe usimfikie mpokeaji.”

“Toa mfano.”

“Rukhsar.”

“Nawasikia, wajinga nyie,” Rukhsar anasema bila kuinua macho.

“Na mrejesho?”

“Ni jibu la mpokeaji kwa mtumaji.”

“Mimi nimetuma ujumbe tangu Jumanne kwamba nakupenda. Mbona mrejesho siuoni?”

Vasudha akaandika kitu kwenye kikaratasi, akakipitisha nyuma ya mgongo wa Rukhsar. Girish akakifungua. Kimeandikwa: *Umepokelewa. Soma.* Kijana wa watu akatabasamu ukurasa mzima wa takwimu bila kuelewa hata tarakimu moja.

Vasudha alimfundisha Girish kila alichokijua. Alimwazima kwa wiki mbili kitabu chake kikuukuu cha nadharia, pembeni kimejaa maandishi yake ya wino wa kijani. Lakini alimpa pia ujanja wa mkongwe. “Sikiliza, kipenzi. Pale usijibu ukweli. Jibu anachotaka mtunga mtihani. Angalia mitihani ya nyuma, utamjua kama unavyomjua shangazi yako.”

“Na kama ukweli ni mwingine?”

“Ukweli utauandika kwenye tasnifu yako. Kwanza ingia.”

Siku ya mtihani likaja swali la sitini na mbili. Katika kupitisha habari, mlinzi wa kwanza wa lango ni nani? Vasudha akajua papo hapo. Mitihani ya miaka yote ilimtaja mhariri, yeye akabonyeza mhariri. Girish, chumba kingine, mji huohuo, akakumbuka kile kitabu kikuukuu: mlinzi wa kwanza ni mwandishi aliye kwenye tukio, kwa sababu asichokiona yeye hakifiki hata mezani kwa mhariri. Pembeni, kwa wino wa kijani, Vasudha alikuwa ameandika: *Kweli kabisa, lakini wao hawataki hili.* Girish akabonyeza mwandishi.

Majibu ya awali yalipotoka, walikaa kibanda cha mkate wa kuchoma na mayai wakahesabu alama, kila mmoja akimsomea mwenziwe. Vasudha 204. Girish 202. Kila swali lina alama mbili, na msimu uliopita mstari wa ufadhili, yaani alama za chini kabisa za kuupata, ulikuwa 204.

“Nimekaa juu ya mstari!” Vasudha akamshika mkono mbele za watu. “Juu yake kabisa, Girish!”

“Na mimi niko chini yake kwa swali moja.”

“Wewe ni mara yako ya kwanza. Una miaka mbele yako, mpenzi wangu. Mimi ninayo hii tu.”

“Najua,” Girish akasema. Na kweli alijua.

Sasa, utaratibu ni huu. Majibu ya awali yakitoka, mtahiniwa ana siku tatu za kupinga. Anayeona jibu limekosewa huweka pingamizi na ushahidi wa kitabu. Likikubaliwa, jibu hubadilika kwa nchi nzima: aliyekuwa amepata anakosa, na aliyekosa anapata.

Siku ya pili simu ya Vasudha ikalia.

“Profesa wangu, umekula?”

“Nimekula. Unataka nini? Sauti yako inabembeleza.”

“Ile sura ya saba ya kitabu chako. Nipigie picha kurasa zote.”

“Unapinga swali gani?”

“La arobaini na moja. Lile la propaganda.”

“La propaganda kwenye sura ya saba?”

“Kuna sentensi mahali, nimesahau ukurasa. Nitumie zote, Vasu. Nisaidie na mimi niingie. Twende Hyderabad wote.”

Twende wote. Msichana akasimama dirishani ili kivuli chake kisianguke kwenye karatasi, akapiga kurasa kumi na tisa moja baada ya nyingine. Ukurasa mmoja ulitoka na ukungu. Girish akamwandikia: *Huu haueleweki, rudia.* Akarudia mara mbili mpaka kila herufi ikasomeka. Ulikuwa ukurasa wenyewe.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tano. Mstari ulikuwa palepale, 204. Girish 204. Vasudha 202.

Vasudha alipata cheti cha kuruhusiwa kufundisha, karatasi ambayo nusu ya Ber Sarai wanayo na imejaa vumbi. Ufadhili alikosa. Jibu moja limebadilishwa, la sitini na mbili, nani kapinga haisemwi. Alilia mpaka Rukhsar akaacha kumbembeleza akalia naye. Halafu, tazama moyo wa mtu anayependa, akanawa uso akampigia Girish kumpongeza.

“Hongera, Profesa. Sasa wewe ni profesa wa kweli.”

“Vasu… pole.”

“Usinionee huruma. Furahi. Angalau mmoja wetu.”

“Nitakupigia,” akasema, akakata.

Hakupiga. Wiki moja, mbili. Vasudha akamtetea: anaona haya kufurahi mbele yangu, alimwambia Rukhsar, si unajua alivyo mpole? Baba akaja mwenyewe kumchukua, akambebea begi la vitabu begani mpaka ndani ya treni, na njiani hakusema neno la kumlaumu. Hilo lilimuumiza kuliko kelele.

Kanpur, mwezi wa pili tangu arudi, wachumba wakaanza kutajwa. Mmoja wa benki, mmoja mwenye kiwanda cha viatu. Ndipo simu ikalia.

“Vasu, usikubali mtu.”

Vasudha akakaa kwenye pipa la mchele. “Ulikuwa wapi wewe?”

“Nilikuwa najipanga. Sasa nina ufadhili, nina cha kumwambia baba yako. Jumapili nakuja na mama. Nyota zetu zimeshalinganishwa, zimekubali.”

“Hata hukuniuliza?”

“Nakuuliza sasa. Utanipikia nini?”

“Sumu,” akasema, huku anacheka na machozi yanamtoka. Alikuwa hajacheka tangu Delhi. Siku tatu zilizobaki aliimba jikoni, mama yake akawa anamchungulia na kutabasamu.

Jumapili asubuhi, Vasudha akiwa anajibandika bindi, kile kidoa cha katikati ya paji la uso, mbele ya kioo, Rukhsar akamtumia video. Chini yake ameandika: *Shoga yangu, nisamehe. Bora uione kabla hajafika.*

Vyuo vya kufundishia mtihani vina desturi ya kuwavisha waliofaulu mashada ya maua na kuwahoji mbele ya kamera, wengine wapate hamu ya kujiandikisha. Girish alikaa kwenye kiti cha velveti, maua ya rangi ya chungwa yamemfika masikioni, anang’aa.

“Siri yako nini, Girish?”

“Kujiamini. Swali la sitini na mbili walisema mhariri. Nilijua ni mwandishi. Nikapinga kwa ushahidi, nikashinda. Ushahidi wenyewe huu hapa.” Akainua simu yake mbele ya kamera. Pembeni mwa ukurasa, wino wa kijani ulisomeka vizuri kabisa.

Vasudha aliitazama mara nne. Kisha akamaliza kubandika bindi yake.

Wageni wakaja. Alivaa sari ya waridi ya mama yake, akaingia na trei ya chai na sambusa, kichwa chini kama inavyotakiwa. Mama yake Girish, mwanamke mnene mchangamfu, akamshika kidevu: “Mzuri! Na amesoma!” Wazee wakacheka, wakasema waachieni vijana dakika kumi wazungumze. Wakapandishwa darini, penye shuka zilizoanikwa.

“Umependeza mno,” Girish akasema.

“Ulijua nilijibu nini sitini na mbili.”

Tabasamu likaanguka. “Vasu, nilipinga swali, sikukupinga wewe.”

“Ulijua nilijibu nini?”

“Nilijua.”

“Ulijua alama zangu?”

“Nilijua. Lakini mstari ungeweza kushuka! Nilimwomba Mungu ushuke, niliomba kweli. Na jibu langu lilikuwa sahihi, wewe mwenyewe uliandika ni kweli kabisa.”

“Ukaniambia propaganda.”

“Ningekuambia ukweli, ungenitumia ule ukurasa?”

Vasudha akafikiri, kwa sababu ni mtu wa haki hata mahali ambapo haki haimsaidii. “Ningekutumia, Girish. Ningelia, lakini ningekutumia, kwa sababu ulikuwa sahihi. Wewe ukaona rahisi zaidi kuniiba.” Akasogeza shuka iliyokuwa kati yao. “Nakuchukia. Nilikuwa naimba jikoni, unajua? Nakuchukia mpaka natetemeka.”

“Nitakufidia. Maisha yangu yote. Utakuja nami Hyderabad, utaishi palepale chuoni…”

“Nikikupikia.”

Vasudha akashuka ngazi mbele yake.

Sebuleni akasimama wima, kichwa juu. “Baba, naomba nisikilizwe. Mwenye ufadhili wangu ni huyu. Alinidanganya nimpe kurasa za kitabu changu, akazitumia kubadilisha jibu langu. Kwa sababu yake ndiyo nimekosa.”

Mama yake Girish akageuza macho huku na huku. “Jibu ngapi?”

“Moja.”

“Moja tu, binti yangu?” Akashusha pumzi kama aliyeambiwa mgonjwa amepona. “Mie nikadhani kuna mwanamke mwingine!”

Baba akaanza kucheka, polepole, kwa mapenzi, kile kicheko chake cha kukatia embe. “Basi ufadhili si umebaki nyumbani? Nyumba moja inahitaji maprofesa wawili wa nini?”

Wote wakacheka. Mama yake Girish akainuka na sahani ya vitamu vya kufungia uchumba, na Vasudha alipofungua kinywa aseme, ladu nzima ikasukumwa ndani, tamu, imejaa samli. Makofi. Shangazi akapiga picha, na kabla ladu haijatafunwa ilikuwa imeshafika kwenye kundi la ukoo: *Wamekubaliana!*

Vasudha akaitema kwenye kiganja chake. Makofi yakakatika.

“Mimi sijasema ndiyo.”

“Hakuna aliyekuuliza, mama,” baba akasema kwa upole. “Tulikubaliana stesheni.”

Akamgeukia Girish. Neno moja tu lake lingetosha kuvunja shughuli ile; mwenye kuposa akisema hataki, nani atamlazimisha? Girish alilijua hilo. Alikuwa ameweza kubishana na nchi nzima kwa aya tatu na ukurasa mmoja, na akashinda.

“Sema wewe,” Vasudha akamwambia. “Waambie wasinilazimishe.”

Girish akazungusha kikombe chake kwenye kisahani. Akatazama pete zake, akamtazama mama yake, kisha akamgeukia mama yake Vasudha kwa heshima zote.

“Mama, ladu hizi mmenunua wapi? Ni nzuri sana.”

Na mama yake Vasudha akamtajia duka.