Mume Wangu Ni Msusi

"Hizi si nywele," Mkuu alisema, akielekeza kalamu kwenye skrini kubwa ukutani. "Hizi ni kamba. Kamba saba zimelazwa juu ya yai."

Watu wanane waliokuwa kwenye chumba cha mikutano wakainamisha vichwa. Kwenye skrini alikuwepo binti wa miaka minane, shujaa wa filamu ya katuni ambayo studio yao ilikuwa ikiitengeneza. Ngozi yake ilikuwa safi, macho yana uhai, ungedhani atapepesa akusalimie. Ila ukipanda juu ya paji la uso, uhai wote unakatika.

Nywele zilikuwa kazi ya Chiriku. Jina hilo alipewa utotoni kwa sababu ya kupenda kuongea, lakini siku hiyo maneno yalimwishia.

"Nimefuata kila hatua ya programu," alijitetea. "Nimechora njia kichwani, nikapitisha misuko juu yake, nikaongeza vinyweleo vya pembeni."

"Sibishani na programu, mdogo wangu. Nakuambia ninachokiona. Mtoto wa kike yeyote akiitazama hii atajua hatujui kusuka." Mkuu alifunga daftari lake. "Wateja wanakuja Ijumaa, na leo Jumatatu. Tafuta msusi wa kweli, umlete hapa atuonyeshe. Humjui hata mmoja?"

Chiriku alikusanya karatasi zake.

"Nitatafuta," alisema.

Alikuwa anamjua mmoja. Alikuwa ameolewa naye.

Mumewe aliitwa Fundi na kila mtu, hata mama yake mzazi. Alikulia katikati ya dada wanne, wakamfundisha kusuka kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mikono yake ilikuwa mipana kama ya mpasua mawe, lakini ikiingia kwenye nywele za mtu, mtu mwenyewe anasinzia. Saluni yake ya viti vitatu haikukosa foleni. Nyumbani Chiriku alijivunia mume huyo kwa miaka mitano. Ofisini, hapana. Waume wa wenzake walikuwa wahasibu na mawakili, naye akaona neno msusi halimtoki mdomoni.

Miezi minne kabla ya Jumatatu hiyo, studio iliandaa chakula cha mchana kwa ajili ya familia za wafanyakazi. Kijana wa meza ya jirani, mwenye upara na miwani mikubwa, ambaye wote walimwita Miwani, alimuuliza Chiriku, "Shemeji yetu anafanya kazi gani hasa?"

"Mhandisi wa majengo," Chiriku alijibu. "Leo yuko kazini, hawezi kufika."

Hakujua kwamba Fundi, aliyeuona mwaliko nyumbani, alishafika, amesimama hatua mbili nyuma yake, sahani mbili za chakula mikononi, moja yake na moja ya mkewe. Fundi aliziweka sahani mezani taratibu, akatoka bila kujitambulisha kwa yeyote. Chiriku aligeuka akauona mgongo wake mlangoni.

"Uongo ningeumeza," Fundi alimwambia walipokutana nyumbani jioni. "Kinachoniuma ni kwamba hukusita. Umesema kama mtu aliyezoea. Hiyo ni mara ya ngapi?"

Haikuwa mara ya kwanza. Siku tatu baadaye Fundi alihamia chumba cha nyuma ya saluni. Hakugombana, hakutaja talaka. Kila Ijumaa alituma ujumbe mmoja tu kuuliza kama mkewe ni mzima.

Sasa Chiriku aliishika simu dakika nzima kabla ya kuandika: "Habari za kazi. Nimekwama ofisini, nahitaji msaada wa ufundi wako. Naweza kuja saluni?"

Jibu lilikuja baada ya nusu saa: "Saluni haina mlinzi. Njoo."

Alimkuta anamsuka mama mmoja mnene mwenye ucheshi, nusu ya kichwa imekamilika, nusu imesimama kama imeshtuka.

"Karibu, mama," Fundi alisema. Hakutabasamu, lakini alimvutia mkewe kiti.

Chiriku alimwonyesha picha ya binti kwenye tableti. Fundi akafuta mikono yenye mafuta, akaitazama kwa muda.

"Nani kamfanyia hivi mtoto wa watu?"

"Mimi."

Mama mteja alicheka hadi kiti kikalia. Fundi mwenyewe alibana midomo.

"Huyu hajasukwa," alisema. "Amebandikwa. Msuko wa mistari hauwekwi juu ya kichwa, unaota kichwani. Mbele unaanza na nywele chache tu, halafu kila hatua unachota nyingine kutoka chini. Ndiyo maana mbele ni mwembamba, kisogoni unanenepa. Wako una unene mmoja mwanzo hadi mwisho, kama bomba la maji."

Chiriku alihisi kitu kinafunguka kichwani. Wiki tatu nzima alikuwa anahangaika na mng'ao na rangi, kumbe tatizo lilikuwa kwenye mizizi.

"Utakuja kutuonyesha?" aliuliza.

"Ofisini kwako?"

"Ndiyo."

Fundi aliokota kitana, akakizungusha vidoleni. "Nije kama nani?"

Chiriku alitazama sakafu. Jibu alikuwa nalo, tena fupi. Akachagua jingine.

"Kama fundi wa nywele," alisema.

"Sawa. Jumatano asubuhi nina nafasi."

Akarudi kwenye kichwa cha mteja wake. Mama mnene, aliyekuwa anacheka muda huo, hakucheka tena.

Jumatano Fundi alifika na shati lililopigwa pasi, na mfuko mdogo wenye kitana, vibanio na kopo la mafuta. Miwani alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu sana, kaka. Mmefahamiana vipi na dada yetu?"

Fundi akamtangulia Chiriku kujibu.

"Ni mteja wangu," alisema. "Wa siku nyingi."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Chiriku aliumia kuliko kama angetukanwa. Aliyekanwa ndiye aliyekuwa anadanganya sasa, ili aliyemkana asiaibike.

"Siwezi kueleza kwa mdomo tu," Fundi aliwaambia walipokusanyika. "Nahitaji kichwa."

Mkuu alikuwa na nywele fupi za mkato wa kiume. Miwani alipapasa upara wake, watu wakacheka. Macho yote yakahamia kwa Chiriku, ambaye kwa miezi minne alikuwa akibana nywele zake kwa kibanio kimoja tu. Wasusi walikuwepo mtaani, lakini hakuwa ameweza kumkalia mtu mwingine.

Kamera mbili zikawashwa. Chiriku akakaa, Fundi akasimama nyuma yake, akatoa kibanio, akapitisha kitana. Kidole chake kilipogusa utosi, machozi yalimlenga mkewe, akajifanya anatazama dirishani.

"Unaumia?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana."

"Umekonda shingo."

"Napika kidogo siku hizi."

Fundi alianza kusuka huku akiwaeleza wengine: njia haipigwi kwa rula, inafuata umbo la fuvu. Ukivuta sana mbele, ngozi inainuka vidonge vidonge. Miwani alikuwa anaandika mbiombio. Mistari mitatu ilipokwisha, Fundi aliitazama tena skrini.

"Mtoto huyu kwenye hadithi anasukwa na nani?"

"Baba yake," Mkuu alijibu. "Mama yake anafariki mwanzoni. Baba ndiye anayemlea."

"Ni msusi, huyo baba?"

"Hapana. Ni dereva wa lori."

"Basi hapo ndipo mmekosea zaidi," Fundi alisema. "Hata mngesuka vizuri, hii mistari ni ya mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi. Baba aliyeanza juzi, mstari wake wa kwanza utapinda hapa karibu na sikio, kwa sababu mtoto anatikisika na yeye anaogopa kumuumiza. Wa pili atauvuta mno mbele, atachoka, nyuma utalegea. Wa nne au wa tano ndio utakaa sawa. Mtu akitazama kichwa cha huyu mtoto, aone baba anajifunza."

Mkuu aliacha kuandika. "Wewe umeyajuaje haya?"

"Mstari wangu wa kwanza ulipinda hivyohivyo. Dada yangu aliuvaa wiki nzima, akakataza mtu asiufumue."

Alhamisi Chiriku hakuinuka kwenye kiti isipokuwa kunywa maji. Alifuta kamba zote saba. Akaanza upya kupanda nywele kwenye ngozi ya kompyuta, akiuambia kila msuko uchote nywele zake kutoka kwenye mizizi iliyo chini yake, kidogo kidogo. Aliupinda mstari wa kwanza karibu na sikio. Wa pili akaulegeza kisogoni. Kila alipokwama, alipapasa kichwa chake mwenyewe, akahisi kwa vidole mumewe alifanya nini, akaendelea.

Ijumaa wateja walifika, Mkuu akamwalika Fundi naye aje kutazama. Alikaa kiti cha nyuma kabisa. Taa zikapunguzwa. Binti akatokea skrini nzima, akageuza kichwa upande, akacheka.

Mama aliyeongoza ugeni aliomba kipande hicho kirudiwe.

"Aliyemsuka huyu mtoto anampenda," alisema hatimaye. "Hajui kusuka, lakini anampenda."

Chumba kizima kikapumua. Mkuu alisimama, akamgeukia Fundi. "Jina la huyu bwana litaingia kwenye orodha ya watengenezaji wa filamu. Chiriku, hukutuambia ulimpata wapi."

Fundi alijisogeza kitini, tayari kujibu kama alivyojibu Jumatano.

"Ngoja," Chiriku alimwambia. "Acha niseme mimi."

Akasimama. Akashika ukingo wa meza.

"Huyu ni mume wangu."

Miwani alivua miwani yake. "Yule mhandisi?"

"Hakuna mhandisi. Hajawahi kuwepo. Nilidanganya, na si mara moja. Mume wangu ni msusi, ameniweka vizuri miaka mitano kwa kazi hiyohiyo, na mimi nikaionea aibu mbele yenu. Alinisikia. Aliondoka nyumbani kwa sababu hiyo. Nilipomwita aje kunisaidia, alikuja, na bado akanisitiri." Alimgeukia. "Nisamehe, mume wangu. Na asante. Kwa haya ya wiki hii, na kwa yale ambayo sikuwahi kukushukuru."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Fundi alizungumza na wageni badala ya mkewe.

"Msidhani kazi hii ni yangu," alisema. "Mimi nimesuka kichwa ambacho kipo. Yeye amesuka cha mtoto ambaye hayupo, na nyinyi mmemwona. Mimi siwezi hiyo."

Watu walipotawanyika kwenda kula, Fundi alibaki. Alivuta kiti karibu na meza ya Chiriku.

"Nionyeshe unavyofanya."

"Kweli?"

"Miaka mitano nilijua unachora picha za kompyuta, basi. Ukirudi umechoka nakupa chai, siulizi. Jumatano ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona meza yako."

"Ungekuja mapema kama ningekukaribisha," Chiriku alisema. "Mimi ndiye niliyefunga mlango."

"Na mimi sikubisha hodi. Nipe hiyo kalamu."

Alimpa. Fundi alishika kalamu ya kompyuta kama anashika sindano, akavuta mstari mmoja. Mstari ukatoka kwenye paji la uso, ukapita juu ya pua ya binti, ukaishia kidevuni.

"Umemsuka ndevu," Chiriku alisema.

Fundi alicheka hadi akajishika tumbo, na mkewe akacheka naye, kisha kicheko cha Chiriku kikageuka kilio, akafunika uso. Fundi hakumkataza. Alimwekea mkono mgongoni hadi akatulia.

"Nilishakusamehe zamani," alimwambia. "Ila nilikuwa siwezi kuishi na mtu anayenificha. Kusamehe ni rahisi kuliko hilo."

"Na sasa?"

"Sasa nina mteja saa kumi." Akainuka, akakunjua mikono ya shati. "Nikimaliza nafunga. Uje unisaidie kubeba vitu vyangu nyumbani."

"Uliondoka na begi moja tu."

"Nimenunua masufuria."

Chiriku alifika saluni saa kumi na robo. Viti vyote vilikuwa vimejaa, na dada mmoja aliyekuwa anasubiri akamsogezea nafasi kwenye benchi.

"Utakaa sana, dada," alimwambia kwa huruma. "Foleni ni ndefu. Umekuja kusuka mtindo gani?"

"Sikuja kusuka," Chiriku alisema, kwa sauti ambayo saluni nzima iliisikia. "Nimemfuata mume wangu."

Fundi hakuinua uso. Vidole vyake vilisimama kidogo katikati ya msuko, vikatulia hapo, kisha vikaendelea.

"Mpeni chai mke wangu," alisema. "Tutachelewa kidogo."