Mishi na Gunia la Karoti

Kaeni vizuri, watoto. Shikeni midomo yenu, maana leo itafunguka yenyewe.

Huyu ni Mishi. Anaishi Tanga, mtaa wa Ngamiani, katika nyumba yenye mlango wa kijani.

Na huyu ni Shombo, paka wa Mishi. Shombo ni mnene, mnene, mneneee!

Kwa nini Shombo ni mnene? Ngoja niwaambie, lakini msimwambie Mama.

Mama akipika dagaa, Mishi humpa Shombo chini ya meza. Mama akipika mchicha, Mishi huutupa dirishani, kuku wakaula.

"Mishi, umemaliza?" Mama huuliza.

"Nimemaliza!" Mishi hujibu. Sahani tupu kweli. Na tumbo pia tupu!

Ngozi ya Mishi ilikuwa kavu. Viwiko vyake vilikwaruza, magoti yake yalikwaruza. Akijikuna, unasikia krrr, krrr, krrr.

Siku moja nyumba ilijaa vigelegele. Shangazi Raya anaolewa!

Shangazi Raya akawekwa ndani. Bibi harusi hatoki nje, hapiki, hafui. Anatunzwa tu.

Aliyemtunza ni Bi Mwanakombo, somo yake, anayemfunda mambo ya ndoa. Bi Mwanakombo ana sauti kubwa na mikono yenye nguvu.

Kila siku alimsugua Shangazi Raya kwa singo. Singo ni unga wa karafuu na maua, na harufu yake ilifika mpaka barabarani.

Sugu, sugu, sugu! Ngozi ya Shangazi ikang'aa.

"Mishi," akasema Shangazi Raya, "siku ya harusi, wewe utabeba sinia langu la maua ya asumini. Utatembea mbele yangu."

Mbele ya watu wote! Mishi alifurahi mpaka akaruka.

Kisha akaangalia viwiko vyake. Krrr. Loo, watu wote wataviona!

"Bi Mwanakombo, nisugue na mimi singo!"

"Wewe mtoto! Singo ni ya bibi harusi," akasema Bi Mwanakombo. "Tena singo ni ya nje tu. Ngozi inang'aa kwa kile unachokula."

"Nile nini, Bi?"

"Kula karoti, na..."

Fyuu! Mishi hayupo. Hakungoja ile "na".

Ikumbukeni hiyo "na", watoto. Ndiyo iliyoleta balaa lote.

Jikoni kulikuwa na gunia la karoti. Babu alilileta kutoka Lushoto, kwa ajili ya harusi.

Mishi akachukua karoti.

*Kacha, kacha, kacha!*
*Ng'aa, ngozi, ng'aa!*

Asubuhi, Mishi aliacha uji. Akala karoti.

Mchana, dagaa wakaenda kwa Shombo na mchicha ukaenda dirishani. Mishi akala karoti.

Usiku, kitandani, unasikia nini chini ya shuka?

*Kacha, kacha, kacha!*
*Ng'aa, ngozi, ng'aa!*

Siku zikapita. Wiki zikapita. Harusi ikakaribia, na gunia likazidi kusinyaa.

Mishi akajikuna kiwiko. Krrr. Bado!

"Labda hazijatosha," akasema. Akachukua karoti nyingine.

Siku hiyo Bi Mwanakombo alileta hina. Ilikuwa kwenye mfuko, na mfuko ameufunga fundo.

Akauweka juu ya kabati. "Hina hii asiiguse mtu!" akasema kwa ile sauti yake kubwa. "Atakayeichezea, sinia la asumini asahau."

Mishi hakuigusa. Hata kidogo. Hata kwa kidole.

Kesho yake, Mama akaita, "Mishi, njoo tule! Umenawa? Hebu nione mikono."

Mishi akafungua viganja.

*Lo! Macho pima! Mdomo wazi!*

Viganja vya Mishi vilikuwa rangi ya machungwa!

"Mishi!" Mama akapiga ukelele. "Umechezea hina ya shangazi yako!"

"Sijaichezea, Mama!"

"Na hii rangi imetoka wapi?"

Mishi akaangalia viganja vyake mwenyewe.

*Lo! Macho pima! Mdomo wazi!*

Akakimbilia bombani. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa ndimu, akasugua kwa dodoki. Sugu, sugu, sugu! Rangi ipo pale pale.

Bi Mwanakombo akatokea. "Kuna nini hapa?" Akaona viganja.

*Lo! Macho pima! Mdomo wazi!*

"Mtoto huyu! Hina ya bibi harusi! Nilisema nini jana?" Bi Mwanakombo alifoka. "Basi. Sinia la asumini atabeba mtoto mwingine."

"Sijaigusa, Bi! Haki ya Mungu sijaigusa!"

Hakuna aliyemwamini. Inauma sana kusema kweli na watu wakakukatalia. Mishi ilimuuma mpaka akalia.

Akakimbilia chumbani kwa Shangazi Raya. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni.

"Njoo hapa, mwanangu," akasema Shangazi. Akashika viganja vya Mishi. Akavinusa.

Nusa, nusa, nusa.

"Hina ina harufu yake," akasema Shangazi Raya. "Hapa sinusi hina. Nanusa sabuni na ndimu."

Kisha akamwangalia Mishi usoni.

*Lo! Macho pima! Mdomo wazi!*

"Mishi! Pua yako nayo!" Mama na Bi Mwanakombo wakaingia mbio.

Ncha ya pua ilikuwa rangi ya machungwa. Nyayo za miguu pia! Nani anapaka hina puani, jamani?

Bi Mwanakombo akapanda kwenye kigoda. Akashusha mfuko wa hina. Fundo lake ni lile lile alilolifunga mwenyewe!

Safari hii hakufoka. Alikaa chini, taratibu, na mfuko mapajani.

"Mwanangu anaumwa!" Mama akapiga kelele. "Anageuka rangi! Twendeni zahanati!"

Kila mtu akakimbia. Hata bibi harusi akakimbia, mpaka mlangoni!

"Raya, rudi ndani!" akasema Bi Mwanakombo. Shangazi Raya akarudi, akabaki anachungulia dirishani.

Wakapanda bajaji. Trrr-trrr-trrr! Mama alimkumbatia Mishi kwa nguvu, na Mishi akaogopa zaidi.

"Mama, nitabaki hivi hivi milele?"

"Sijui, mwanangu," akasema Mama.

Zahanati walimkuta Nesi Nakijwa. Nesi akaona viganja. Akaona pua. Akaona nyayo.

*Lo! Macho pima! Mdomo wazi!*

Naam, hata nesi!

Akamfunua Mishi macho, hili na hili. "Macho ni meupe, si ya manjano. Vizuri," akasema. "Mishi, asubuhi huwa unakula nini?"

"Karoti."

"Na mchana?"

"Karoti."

"Na usiku?"

Mishi akainamisha kichwa. "Karoti. Chini ya shuka."

"Lile gunia la harusi?" Mama akauliza polepole.

"Limebaki gunia, Mama. Karoti zimebaki kidogo."

*Lo! Macho pima! Mdomo wazi!*

Nesi Nakijwa akacheka mpaka akashika meza. "Mama, usihofu. Mtoto haumwi. Rangi ya karoti imemwingia kwenye ngozi."

"Itatoka?" Mishi akauliza.

"Itatoka yenyewe, polepole. Wewe pumzika karoti kidogo."

Mama akashusha pumzi. Fyuuu.

"Lakini Nesi," Mishi akasema, "nimekula karoti nyingi sana. Mbona viwiko vyangu bado vinakwaruza?" Akajikuna. Krrr.

"Karoti ni nzuri, Mishi. Lakini haiwezi kazi yote peke yake," akasema Nesi. "Ngozi inataka karoti, na mchicha, na dagaa, na maharage, na papai, na maji ya kunywa."

Na, na, na, na, na! Zile "na" zote Mishi hakuzingoja!

"Mchicha wangu wanakula kuku," Mishi akanong'ona. "Na dagaa wangu anakula Shombo."

Mama akamkumbuka Shombo. Akakumbuka tumbo la Shombo.

*Lo! Macho pima! Mdomo wazi!*

Nyumbani, Bi Mwanakombo alikuwa anangoja mlangoni. Mama alipomweleza, akachuchumaa mbele ya Mishi, uso kwa uso.

"Mishi, nimekugombeza bure," akasema kwa sauti ndogo. Hakuna aliyewahi kumsikia Bi Mwanakombo na sauti ndogo. "Ulisema kweli na mimi sikukusikiliza. Nisamehe, mjukuu wangu."

"Na mimi sikukusikiliza, Bi," akasema Mishi. "Ulisema 'karoti, na', nikakimbia."

Wakakumbatiana. Kisha Mishi akauliza, "Na sinia?"

"Sinia ni lako. Lakini kwanza tule."

Bi Mwanakombo akapakua wali. Na mchicha wa nazi. Na dagaa. Na maharage. Na kipande cha papai pembeni.

Shombo akaja chini ya meza. Nyau?

"Leo hapana, Shombo," akasema Mishi. Akafumba macho. Akatia mchicha mdomoni.

Akafumbua macho. *Lo! Macho pima!* Lakini mdomo ulifungwa, kwa sababu ulikuwa unatafuna.

"Kumbe mtamu!"

*Nyam, nyam, nyam!*
*Na hiki, na hiki, na hiki!*
*Ng'aa, ngozi, ng'aa!*

Nyaaau! Shombo alikasirika, akaondoka na mkia juu.

Siku ya hina ikafika. Wanawake wakajaa nyumba nzima, wanaimba, wanapiga makofi. Lelelelelee!

Mishi alijificha nyuma ya mlango. Viganja vyake bado vilikuwa rangi ya machungwa. "Watanicheka," akawaza.

Bi Mwanakombo akampaka Shangazi Raya hina viganjani, kisha Mama na wageni. Ikakauka. Ikabanduliwa.

Mishi akachungulia.

Viganja vya Shangazi Raya vilikuwa rangi ya machungwa! Vya Mama, rangi ya machungwa! Vya wageni wote, rangi ya machungwa!

"Mishi, njoo ukae na mimi," Shangazi akaita.

Mishi akatoka. Akaweka viganja vyake kando ya viganja vya bibi harusi. Vilifanana!

Mgeni mmoja akamshika mkono. "Ah, Mishi! Hina yako imekolea vizuri. Nani amekupaka?"

Mishi akamwangalia Bi Mwanakombo. Bi Mwanakombo akamwangalia Mishi.

"Babu wa Lushoto," akasema Mishi.

Mgeni hakuelewa kitu. Lakini Mama, na Shangazi, na Bi Mwanakombo walicheka mpaka wakatoa machozi.

Harusi ikawa. Mishi akabeba sinia la asumini, akatembea mbele, polepole, kichwa juu. Kwenye pilau karoti zilikuwa chache, lakini pilau liliisha.

Viwiko vilikuwa bado vinakwaruza. Ngozi haina haraka kama Mishi.

Basi Mishi akaendelea kula. Leo mchicha, kesho maharage, keshokutwa dagaa. Karoti? Naam, na karoti, kidogo.

*Nyam, nyam, nyam!*
*Na hiki, na hiki, na hiki!*
*Ng'aa, ngozi, ng'aa!*

Viganja vikarudi rangi yake. Pua ikarudi rangi yake. Shombo akapungua tumbo, na hakufurahi hata kidogo.

Jioni moja Bi Mwanakombo alikuja kuwatembelea. Mama alikuwa anampaka Mishi mafuta ya nazi kabla ya kulala.

Mishi akajikuna kiwiko. Wakasikiliza.

Kimya.

Akajikuna tena. Kimya! Kiwiko kilikuwa laini, kinang'aa kwenye taa.

*Lo! Macho pima! Mdomo wazi!*

"Ngozi imeng'aa!" Mishi akapiga kelele kwa furaha, na Mama akambusu kiwiko, hiki na hiki.

Mishi akajilaza. "Bi, nimalizie yale maneno yako ya siku ile. Kula karoti, na...?"

"Na mchicha," akasema Bi Mwanakombo. "Na dagaa. Na maharage. Na matunda. Na maji. Na..."

Mishi akangoja. Safari hii hakukimbia.

"Na ulale usingizi mzuri."

Mishi akafumba macho. Mama akanyoosha mkono azime taa.

Mara, chini ya kitanda, wakasikia kitu.

*Kacha, kacha, kacha!*

Mama akamtazama Mishi. Mishi amelala. Bi Mwanakombo hatafuni kitu. Basi ni nani?

Mama akainama. Akainua shuka. Akachungulia.

*Lo! Macho pima! Mdomo wazi!*

Alikuwa Shombo, na karoti ya mwisho ya Mishi, ile aliyoisahau chini ya kitanda.

"Shombo," Mama akanong'ona, "hebu nione viganja vyako."